Gemu ya Vifaru

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kucheza gemu. Tulikuwa tukiishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben, chumba kimoja na wazazi, na mashine yetu ilikuwa ile ya kaseti za manjano inayochomekwa kwenye televisheni. Tulipenda sana gemu ya vifaru vya vita. Kifaru kilikuwa miraba michache tu ya rangi, na kazi yetu ilikuwa kulinda ngome isibomolewe. Yeye alilinda, mimi nikashambulia. Mama alikuwa akituita mara tatu tuje kula.

Siku hizi nakaa mtaa wa Fedha, na mwaka jana nilinunua mashine ya kisasa. Nilimwalika kaka Jumapili baada ya kanisa, nikitaka ashangae. Picha zilijaa ukuta mzima. Ungeweza kuona jasho kwenye shingo ya mchezaji wa mpira. Kaka ni seremala katika soko la Gikomba, mtu wa macho makali na mikono ya haraka, lakini siku hiyo nilimfunga mabao saba. Mpira ulishampita, yeye bado anakimbilia upande mwingine.

"Umezeeka, bro," nilimcheka.

"Hizi zenu ziko na mambo mingi," alisema. "Ile ya vifaru ndiyo ilikuwa gemu."

Jumapili iliyofuata alikuja na mashine ya zamani aliyoipata kwa muuzaji wa vyombo vikuukuu. Tulipoiwasha, picha ilikaa katikati ya kioo kama kijisanduku, kando kote kukiwa kweusi. Muziki wa mwanzo ulipolia, nilianza kuuimba. Kaka alicheza kama zamani, akavipiga vifaru kimoja baada ya kingine huku akicheka, nami nikacheka naye.

Kisha akauliza, "Vifaru vimebaki ngapi?"

"Si imeandikwa hapo pembeni?"

Aliweka padi ya kuchezea chini.

"Siz, hapo sioni. Naona cha mbele yangu tu. Kando ni ukungu."

"Tangu lini?"

"Kama miaka miwili hivi."

Nilifikiria msumeno wa umeme anaokatia mbao kila siku. "Na kazini?"

"Mbao naijua kwa mkono. Usimwambie mke wangu. Nikitolewa kwa msumeno, mimi ni nani?"

Nilimwahidi. Jumatano nilishindwa kuvumilia, nikaenda Gikomba na kusimama mbali na karakana yao. Alikuwa akisukuma ubao kwenye msumeno. Mwenzake alipita kuliani kwake amebeba mbao kwapani, nikaona akimwambia apishe. Kelele ilikuwa nyingi. Kaka hakugeuka. Mbao zilimgonga kiwiko, mkono ukateleza, ukasimama karibu kabisa na meno ya msumeno. Wote wawili waliangua kicheko. Mimi nilitoa simu palepale, nikampigia wifi yangu na kumwambia yote.

Wifi alimpeleka kliniki ya macho wiki hiyo hiyo. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila dawa ya matone itasaidia kulinda kilichobaki. Aliuliza kwa nini walichelewa. Karakanani walipopata habari walimwondoa kwenye msumeno, sasa anapiga msasa.

Kaka hakuzungumza nami kwa miezi minne. Alipokubali kuja nyumbani tena, alisimama mlangoni.

"Ulinifanya mtoto," alisema.

"Ungepoteza mkono."

"Ulikuwa mkono wangu."

Sikumwomba msamaha. Mpaka leo sijui kama nilipaswa. Kinachonisumbua zaidi ni ile Jumapili ya mabao saba, jinsi nilivyoshangilia kila bao, na yeye akitabasamu huku akitafuta mpira ambao hakuuona. Na alipoisifu gemu ya vifaru, nilidhani anautamani utoto wetu kama mimi. Alikuwa anatafuta mahali ambapo bado angeweza kushinda.

Sasa huja mara mojamoja. Hatuchezi. Tunakula, tunaongea habari za wazazi, kisha namsindikiza hadi getini. Amenikataza kumshika mkono, basi natembea kando yake, na kwenye ngazi nakohoa kidogo ajue tumezifikia.