Kuchunga Mvua

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kutazama mlima. Si kazi ya kuandika kwenye fomu ya shule, pale wanapouliza wazazi wako wanafanya nini na wewe unataka kuwa nani. Lakini niliifanya kila asubuhi, kwa sababu darasa letu linasoma zamu ya mchana, na kwa sababu mama yangu alipewa kona.

Niieleze hiyo kona. Kule Kalundu, bandari ya Uvira, ukipita mahali boti zinapopakua mizigo, kuna mchanga mpana ambapo watu wanaanika. Wanawake wanaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya nyavu kuukuu. Nyuma yao kuna mama mmoja anayeanika mihogo. Nyuma yake tena, pale mchanga unapoishia na udongo kuanza, kuna baba anayefyatua matofali, naye anayapanga mistari mistari yakauke kabla ya kuchomwa. Wote hao wanafanya kazi wameinama, nyuso zikielekea ziwani. Mvua ya ziwani haina ujanja: unaiona ikitembea juu ya maji tangu upande wa Burundi, una muda hata wa kumaliza chai yako. Mbaya ni mvua ya mlimani. Milima ya Uvira inatusimamia mgongoni, wingu linajificha huko nyuma, na likishachungulia tu, basi, limefika.

Kona yetu ilikuwa mahali pekee pale mchangani ambapo, katikati ya nyumba mbili, uliuona mlima wote. Tulipohama kutoka kijijini Lubarika, mama hakuwa na mahali pa kuanika. Alikuwa akibeba mchanga wa wajenzi kichwani, na jioni shingo yake ilikuwa haigeuki. Ukimwita, anageuka mwili mzima. Mama wa mihogo, ambaye amekaa pale kuliko wote na neno lake ndilo la mwisho, alimhurumia akampa ile kona kwa sharti moja: mwenye kona anachunga mvua kwa ajili ya wote. Akiiona, apige kelele.

"Weye ukinyamaza, siye wote tunakwisha," alimwambia mama.

Mama alikuwa na samaki wa kugeuza, na samaki hawageuzwi huku ukitazama mlima. Kwa hiyo mlima akaniachia mimi.

"Unatazama tu," aliniambia. "Ukiona kichwa ya mulima imekuwa nyeusi, unapiga kelele kwa nguvu: mvua! Njo vile tu. Ile kazi ata mutoto mudogo anaiweza."

Kuhusu macho yangu mama alisema kweli. Kuhusu koo hakujua. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiita jina langu nasema "niko," na bado anaandika kwamba sipo. Dukani nasubiri mpaka muuzaji aniulize mwenyewe nataka nini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwahi kupaza sauti mbele ya watu, hata ya kusimamisha pikipiki. Sikumwambia mama. Siku za kwanza zilikuwa za jua kali, nami nikawa namwomba Mungu aziache hivyo hivyo.

Kwa kukaa pale kwenye jiwe langu nilianza kuwajua watu kwa namna kazi zao zinavyoiogopa mvua. Ndagala waliokauka nusu wakilowa wanalainika, wananuka, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Muhogo unaota ukungu mweusi. Tofali bichi linayeyuka pembe mpaka linafanana na mkate. Wabebaji wa bandarini wanaogopea saruji. Kijana anayechaji simu za watu anakumbatia meza yake yote na nyaya zake na kukimbilia chini ya paa la jirani. Wenye pikipiki tu ndio hucheka, kwa sababu wakati wa mvua wanalala kidogo. Na kule Lubarika nyanya yangu, aliyebaki na shamba, alikuwa akiiomba mvua hiyo hiyo ije haraka. Mara nyingine niliona haya, mtu mmoja akiiita na mjukuu wake akiichunga isije.

Mbebaji mmoja mzee, aliyezaliwa Mulenge, kule milimani kwa wafugaji, alikuwa akipita mbele yangu kila asubuhi na gunia mgongoni.

"Minye, vile nilikuwa mutoto sawa weye, nilikuwa nachunga ng'ombe," alinitania. "Weye unachunga mvua. Sasa jioni unaikamuaka nini?"

Nilicheka kwa ndani.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya juma, mwezi wa tisa, masomo yamefunguliwa juzi tu. Mchanga wote ulikuwa umejaa. Mama wa mihogo alikuwa ameanika mihogo mingi kuliko siku zote, myeupe hata inaumiza macho. Nilitazama mlima, ulikuwepo. Nilitazama tena, na kichwa chake hakikuwepo.

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Naandika kama ilivyokuwa: niliwaona wale watu wote, migongo yao, nikawaza kwamba nikipiga kelele watageuka wote kwa pamoja na kunitazama mimi. Sauti ikakataa kutoka. Nikaisubiri. Basi nikakimbia mpaka kwa mama, nikainama, nikamwambia sikioni, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka kanisani: "Mama, mvua."

Mama aliinua kichwa. "Na unaniambia minye peke yangu?"

Aliruka juu akapiga kelele ambayo nadhani waliisikia mpaka kwenye boti. Huku akipiga kelele mikono yake ilikuwa tayari inakunja wavu, nami nikashika upande wa pili. Zetu zilikuwa chache na tulikuwa wawili. Tulipofika chini ya paa la nyumba ya jirani, tone la kwanza lilikuwa linanigonga mguu. Wengine walikuwa bado katikati ya mchanga, na maji yakashuka.

Haikudumu. Ilipopita, jua lilirudi kana kwamba halihusiki. Mihogo ilikuwa imegeuka uji. Baba wa matofali alikuwa amechuchumaa mbele ya mistari yake akigusa pembe moja moja. Wanawake walikuwa wakikamua nyavu zao. Na sisi tulisimama pale na kifurushi chetu.

Mama wa mihogo alikuja, akaingiza mkono katika wavu wetu, akatoa ndagala mmoja, akamvunja. Alivunjika kwa mlio.

"Yenu imekauka," alisema.

Mwingine, aliyekuwa akikamua wavu, ndiye aliyemalizia: "Hawa si beko na mutu wa kuwaambia mapema! Siye tunaambiwaka na maji yenyewe."

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Niliuona uso wa mama. Kisha akasema: "Ni minye. Nilikuwa nageuza samaki, sikutazama mulima. Munisamehe."

"Siku ya posho tutaongea juu ya ile kona," alisema mama wa mihogo. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Ilikuwa imebaki siku tatu.

Kuna jambo naliandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Mama wa mihogo alipomvunja yule ndagala, kabla ya kuona aibu, nilifurahi kidogo. Ndagala wetu walikuwa wamekauka. Furaha hiyo haikukaa hata muda wa kuvuta pumzi, lakini ilikuwepo.

Nyumbani mama hakunigombeza. Alikaa nyuma yangu akanisuka, na mtu akikusuka huwezi kuuona uso wake.

"Juu ya nini haukuniambia kama sauti yako inaogopaka?"

Ningejibuje? Ilikuwa ni sauti hiyo hiyo.

"Minye pia," alisema baada ya misuko kadhaa. "Siku ya kwanza pale muchanga nilisimama mupaka jua likafika juu, naogopa kusalimia. Mama wa mihogo njo alinisalimia wa kwanza." Akavuta msuko. "Usilie, unatikisa kichwa. Tukikosa kona, nitarudilia kubeba muchanga. Si niliubebaka?"

Nilitazama mbele. Nilimkumbuka akigeuka mwili mzima nilipomwita.

Usiku huo na siku mbili zilizofuata nilijaribu kujifunza maneno ya kwenda kumwambia mama wa mihogo. Njiani kwenda shule niliyasema vizuri kabisa, peke yangu. Jumamosi asubuhi nilijua sitayasema. Nikachana karatasi katikati ya daftari la jiografia nikaandika. Nilipofika mchangani nilimpa mama wa mihogo mkononi, nikaenda kusimama nyuma ya rundo la matofali.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja ambacho kila mtu pale alikijua: mama wa mihogo hasomi. Aliigeuza karatasi mara mbili, kisha akaita kwa sauti ile ambayo mimi sina: "Papa wa matofali! Kuya unisomee, huyu mutoto ameniandikia barua!"

Na kila mtu akainua kichwa. Wote. Mama pia, mikono imejaa samaki.

Baba wa matofali alijipangusa vidole kwenye suruali, ambayo ilikuwa na udongo kuliko vidole. Alisoma polepole, kama anavyosoma matangazo kanisani:

"Mama wa mihogo, mama yangu alidanganya. Hakuchelewa yeye. Mvua niliiona mimi, lakini sauti ilikataa kutoka, nikaenda kumwambia sikioni. Sikutaka vitu vyenu vilowe. Usimnyang'anye kona. Ninyang'anye mimi mlima."

"Kumbe ako na maneno mingi hivi!" alisema yule wa kukamua wavu. "Alikuwa anayaficha wapi?"

"Nyamaza," alisema mama wa mihogo. "Papa, rudilia pale pa sauti."

Akarudia pale pa sauti. Nyuma ya matofali nilitamani mvua nyingine, sasa hivi, kubwa.

"Mutoto, kuya hapa."

Nilikwenda. Ni hatua chache, lakini nazikumbuka zote.

"Sauti haiko. Sawa. Mikono iko?"

Nikamwonyesha mikono. Alichukua beseni lake la zamani la bati, lile lililotoboka chini, akamwaga maganda yaliyokuwemo, akanipa pamoja na mwiko wa kusongea bugali.

"Piga."

Nikapiga.

"Ile ni kubisha mulango. Piga kama mvua iko inakula mihogo yangu!"

Nikaifikiria ile mihogo iliyogeuka uji, nikapiga. Mbuzi wawili waliokuwa wakila maganda wakakimbia mpaka barabarani. Yule mbebaji wa Mulenge aliweka gunia chini akashika masikio. Nilishangaa zaidi kuliko mbuzi: watu wote walikuwa wakitazama, lakini walikuwa wakitazama beseni.

Mama alikuwa bado amesimama na samaki wake mikononi. "Na minye nitasema nini?" alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Huyu mutoto amenionyesha muongo mbele ya watu."

"Muongo njo weye," alisema mama wa mihogo. "Enda ukae mu kona yako, muongo."

Baba wa matofali alinirudishia karatasi. Nimeibandika hapa, mwanzoni mwa daftari hili. Ina alama ya udongo ya dole gumba lake juu ya neno sikioni.

Mvua yenyewe ilichelewa, kama vile ilikuwa imesikia. Ilikuja baada ya majuma mawili, siku ambayo mchanga ulijaa tena. Kichwa cha mlima kikapotea, na kabla sijawaza kitu mwiko ulikuwa umeshaanza. Nilipiga, nikapiga. Kule bandarini niliona wabebaji wakivuta turubai juu ya saruji. Kijana wa simu akaikumbatia meza yake. Baba wa matofali alikuwa akitupa majani juu ya mistari yake. Na mama, ambaye nyavu zake zilikuwa pale pale miguuni pake, hakuzigusa. Alizivuka. Alikimbia moja kwa moja kwenye mihogo akaanza kuizoa kwa kitenge.

Nilitaka kumwita: Mama, zetu! Nikageuka kutazama ndagala wetu, mwiko bado unapiga. Mama wa mihogo alikuwa amepiga magoti pale, pumzi imemwishia, anakunja wavu wetu pembe kwa pembe jinsi mama anavyoukunja. Walikuwa wamepishana katikati ya mchanga na hata hawakusemeshana.

Maji yaliposhuka wote walikuwa chini ya paa. Mimi nilikuwa bado kwenye kona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia ni wakati gani ninaacha kupiga. Nilijifunika beseni kichwani. Kupitia lile tundu maji yakanidondokea puani, na kule chini ya paa nilimwona mama wa mihogo akiingiza mkono katika wavu wetu, akitoa ndagala mmoja na kumvunja. Mlio sikuusikia, kwa sababu ya mvua. Nilimwona tu akimpa mama nusu, na nusu nyingine akaitia mdomoni.