Tumbo la Wimbo

Mzee Kamali anatengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, kwa bati la madumu yaliyotoboka. Kibanda chake kiko mwisho wa mstari wa mafundi, upande wa juu wa soko la Kamembe, na mbele ya kibanda hicho ndipo mimi, Mwavita, ninapouza sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kumlalamikia, ni mimi.

Kila siku baada ya swala ya alasiri huweka nyundo chini na kuchukua besi yake, gitaa nene aliloliunda mwenyewe kwa mbao za sanduku la chai na nyaya za breki za baiskeli. Halafu anaanza: du, du-du, du. Hakuna anayeimba, hakuna gitaa la solo, hakuna ngoma. Du, du-du, du, mpaka adhana ya magharibi. Miaka ya kwanza nilidhani ana ugonjwa. Baadaye nikaona ni ukaidi tu, na mkaidi hata umwombe kwa sambaza za bure hasikii.

Siku moja nilimkabili. "Mzee, juu ya nini haupige wimbo?"

"Hii njo wimbo."

"Wimbo gani haina kichwa?"

"Kichwa alikuwa nayo Nzabonimpa," akasema. "Miguu alikuwa nayo Muhigirwa. Miye niko na tumbo tu."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Ndipo akanisimulia.

Ilikuwa miaka ya sabini, ng'ambo ya mto wa mpakani bado ikiitwa Zaire. Katika mtaa wa Nguba, pale Bukavu, ukishavuka daraja na kupanda kidogo, kulikuwa na baa iliyopigiwa muziki kila Jumapili mchana na bendi iliyoitwa Bana Nguba. Walikuwa na nyimbo kadhaa, lakini watu walifuata mmoja, Nabintu. Waliuanza mchana jua likiwa kali na hakuna aliyejua utawapeleka wapi. Jumapili hii gitaa linapanda huku, Jumapili ijayo linashuka kule. Mpiga solo anamfuata dada aliyeinuka kucheza, ngoma inamfuata mpiga solo, mwimbaji anasahau maneno na kutunga mengine. Haukupigwa vilevile mara mbili, wala haukuwahi kurekodiwa, maana sahani gani ya santuri ingeubeba?

Kamali alikuwa kijana wa kujifunza ufundi wa bati. Nzabonimpa alikuwa seremala kutoka Nyakarenzo, mrefu, mwenye sauti. Muhigirwa alikuwa Mbukavu aliyepanga chumba huku kwetu na kuuza vitenge. Wote watatu walishikwa na bendi ile kama watu wanavyoshikwa na mwanamke, tena mwanamke wa mtu mwingine. Walitaka kuuleta wimbo wa Nabintu hapa Kamembe waupige wenyewe, lakini hawakuwa na kinasa sauti. Wakagawana masikio.

Nzabonimpa alipewa gitaa la solo na maneno. Muhigirwa alipewa ngoma. Kamali, aliyekuwa mdogo, alipewa kilichobaki. Sharti lilikuwa kali: usisikilize cha mwenzako, utachanganya. Kamali aliniambia alikuwa akiinama chini ya meza, sikio likielekea spika, ili asikie besi peke yake. Aliupenda wimbo ule kuliko chochote duniani, na hakuwahi kuusikiliza.

Kisha kulikuwa na mpaka. Ulifungwa saa kumi na mbili jioni, na karatasi yao ya kuvukia ilikuwa ya siku moja. Ukilala ng'ambo, unalala jela. Kwa hiyo waliinuka wimbo ukiwa bado katikati, wakateremka mbio hadi darajani, kila mmoja akinong'ona kipande chake, bila kusemeshana, wasije wakakimwaga njiani. Askari waliwazoea. Waliwaita walevi, na Kamali hajaonja pombe mpaka leo.

Unaona basi walichokosa. Hawakuwahi kusikia Nabintu unavyoisha.

Walipoanza kupiga kwenye harusi za hapa, wao watatu, jambo hilo likawa kichekesho cha mji. Walijua kuanza, walijua kupandisha moto, hawakujua kuacha. Mama yangu aliolewa kwa muziki wao, akasema bwana harusi mwenyewe ilibidi aende kuwasihi, "Basi, wandugu, sisi tumechoka." Mara moja Nzabonimpa alitunga mwisho wake, mzuri, watu wakapiga makofi. Kamali aliweka besi chini kwa hasira.

"Ile haiko mwisho yetu," akasema. "Ile ya kweli iko kule. Tutaifuata."

Wakakubaliana kwamba Jumapili moja watabaki, liwalo na liwe, wajifiche kwa dada yake Muhigirwa. Jumapili hiyo ilikuwa daima ijayo. Mara mama mgonjwa, mara askari wakali, mara mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku walipovuka wakiwa wamebeba blanketi, baa ilikuwa kimya: tajiri mwenye vyombo alikuwa amevipakia kwenye lori, kavipeleka Uvira, na bendi ikasambaa kila mtu njia yake.

Mwaka wa tisini na nne Nzabonimpa aliuawa. Nasema hivyo tu, kwa sababu sijui namna nyingine ya kulisema. Muhigirwa alikuwa amesharudi kwao Bukavu, vita vya huko vikamhamisha mara mbili, na habari ya kifo chake tuliletewa na mwanamke muuza mihogo, miezi mingi baada ya maziko. Mke wa Kamali naye akatangulia. Binti yake yuko Kigali, anamwita kila Idi aende akaishi naye. Haendi. Anasema akiondoka hapa, atakayejua mwisho wa Nabintu akivuka daraja atamkosa.

Nilimwona mjinga. Bendi ya baa, jamani, na mtu mzima anaisubiri.

Halafu mwaka jana, wakati wa kiangazi, akaja mama mmoja kutoka ng'ambo kununua mbabula, mama mzee lakini mwenye nguo safi, Nzigire jina lake. Alikuwa akiligongagonga jiko kusikia kama bati ni zima, huku Kamali akipiga du-du yake. Nikaona mkono wake umesimama.

"Papa," akasema, "ile ni Nabintu."

Kamali akaacha kupiga.

"Nilikuwa naoshaka bilauri kwa ile baa ya Nguba," mama Nzigire akasema. "Kila Jumapili."

"Ulikuwa unabakia mpaka mwisho?"

"Nitaenda wapi? Njo kazi yangu."

Kamali akalaza besi kwenye mapaja. "Maman, uniambie," akasema. "Ilikuwa inaisha namna gani?"

Mama Nzigire akafikiri, akacheka kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo dogo la nyumbani.

"Haikuwa mambo ya kushangaza. Batu ba bendi balikuwa banachoka, banatoka moya moya. Wa ngoma njo alikuwa anaachaka wa kwanza, anaenda kunywa maji. Kisha wa solo, anafungia gitaa yake. Ule wa kuimba anaenda kutafuta bibi yake. Anabakia wa besi, peke yake. Anapiga polepole, anaangalia mlango. Batu banavaa viatu, banaenda. Kama muntu wa mwisho anatoka, njo anaacha."

"Wa besi," Kamali akasema.

"Wa besi. Peke yake. Miye nilikuwa naonaka huruma."

Nilitamani aangue kilio, ingekuwa rahisi kwangu. Hakulia. Alimfungia mama Nzigire jiko lake kwa kamba, akamsindikiza hatua chache, akarudi. Miaka yote ile alidhani anashika kipande kimoja akisubiri vingine. Kumbe ngoma ilishaacha, solo ilishaacha, na yeye alikuwa akiupiga mwisho wenyewe. Nikajichukia kwa kila siku niliyomwambia anyamaze.

Akakaa, akaanza. Du, du-du, du. Polepole kuliko siku zote, na kichwa kimeinuka. Alikuwa akiangalia mlangoni, yaani alikuwa akiniangalia mimi.

Mafundi wengine walikuwa wakifunga. Wa masufuria akaenda, wa kufuli akaenda. Sambaza zangu zilikuwa zimekwisha zamani, na siku nyingine ningekuwa nimeshafika nyumbani. Nikabaki nimekaa, beseni tupu miguuni, nikijifanya nahesabu magamba.

"Mwavita," akasema bila kuacha kupiga, "enda. Batoto banakungoja."

Ni kweli walikuwa wakingoja. Nikaweka ngata kichwani, beseni juu yake, nikamuaga, nikatembea. Nilitembea kama mtu anayekanyaga mayai. Nilipokata kona ya msikiti, besi ikanyamaza nyuma yangu, na adhana ilikuwa bado.

Nikarudi.

Alikuwa amekaa vilevile, mkono umelala juu ya nyaya. "Umesahau nini?" akaniuliza.

"Ngata yangu."

"Ngata iko kwa kichwa yako, Mwavita."

"Basi nimesahau kitu ingine," nikasema, nikashusha beseni, nikalipindua na kulikalia. Akaanza tena.