Hatua Ishirini Shambani kwa Mama

Ulisikika mlipuko mmoja, kisha mwingine. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali na nilidhani ni wezi wa ng'ombe. Nilipotoka nje, nilikuta moshi juu ya trekta ya baba, na fundi amekaa chini, hendeli mkononi, akiitazama injini kama mtu aliyetukanwa.

"Fundi, umeleta trekta ama bunduki?" mama mkubwa aliuliza akiwa mlangoni pake.

"Ngoja kidogo, mama. Inakohoa tu."

"Hapa kwetu mtu akikohoa hivyo tunamzika."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nje kidogo ya Ndhiwa, nami nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu. Mvua ilikuwa imeanza. Kwetu msimu hufunguliwa na mikayi, yaani mke wa kwanza, na kwa baba huyo alikuwa mama mkubwa. Shamba lake hulimwa kwanza, na mama yangu, mke wa pili, hakuruhusiwa kugusa udongo kabla yake. Baba alikuwa amehamia nyumba ya mama yangu miaka mingi iliyopita. Mwanzo wa msimu tu ndio uliobaki kuwa wa mama mkubwa.

Fundi alizoea injini za dizeli za kusagia mahindi, zisizo na plagi. Alikuwa ametoa distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, akaisafisha na kuirudisha pistoni ya kwanza ikiwa juu. Hakujua kwamba pistoni hupanda mara mbili kwa kila moto mmoja: mara moja kubana petroli, mara moja kutoa moshi.

Baba, aliyewahi kuendesha trekta kwenye shamba la miwa, aliitoa plagi. "Mwalimu, ziba hapa kwa kidole."

Akazungusha hendeli polepole. Pistoni ikapanda, nisihisi kitu. Ilipopanda tena, hewa ikasukuma kidole changu, yenye harufu ya petroli na ukaidi kama wa mtoto anayekataa kulala.

"Inapumua!"

Fundi akaichomoa distribyuta, akairudisha ikiwa imegeuka nusu mzunguko, baba akaifunga plagi. Injini ikawaka mara moja.

"Bado," baba alisema. "Taimingi ya moto haijulikani mpaka ivute plau. Moto ukiwahi, utasikia inagonga."

Shamba la mama mkubwa lilikuwa ng'ambo ya kijito. La mama yangu lilikuwa palepale, nyuma ya jiko. Mimi ndiye niliyelionyesha.

"Si hapo tu, baba? Ni kujaribu."

Akateremsha plau. Injini ikagonga. Wakasimama, fundi akalegeza bolti na kuigeuza distribyuta kwa upana wa ukucha. Wakavuta tena, na kugonga kule kukapotea. Tulipiga makofi. Kisha nikaona udongo mweusi uliofunuliwa, labda hatua ishirini, na mama yangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mlangoni pa mama mkubwa hapakuwa na mtu.

Nilimkuta ndani akichambua mbegu za mahindi katika ungo. Nikapiga magoti.

"Mama, ni mimi niliyeonyesha. Hawakuwa wanalima."

"Udongo ulipinduka?"

"Ulipinduka."

"Basi?"

Alitupa mbegu iliyotobolewa na wadudu.

"Mwambie baba yako trekta isije kwangu. Kesho nitalima kwa jembe. Mama yako atangoja mpaka nimalize."

"Ni ekari mbili, mama. Mvua itaisha."

"Iishe. Itanikuta shambani mwangu."

Nilitaka kusema nitamsaidia. Aliliona neno hilo likija, akatikisa kichwa.

"Nenda, nyathina, mwanangu. Vuta mlango, upepo unanipeperushia makapi."

Huko nje injini ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka ukafungika.