Mawese ya Mama Deo

Uso bado unanichoma. Mwaka huu wa 1972 nilirudi Rumonge kutoka masomoni ng'ambo, na kesho yake nikapewa kuendesha mnada wa kuchangia paa la kanisa. Kwa desturi yetu mke huleta kitu, mumewe huitwa akinunue. Padri alinionya, "Leo usiite mume yeyote." Mimi na diplomu yangu nikawaza, nikawazua: hataki maskini waaibike. Basi Baba Deo, tajiri wa mitumbwi, naweza kumwita! Nikainua bidoni, lile dumu la mawese la mkewe.

"Baba Deo iko wapi? Anajificha asilipe?"

Mama Deo akasimama.

"Mwanangu, askari walimpandisha kamiyo, lori lao, pamoja na waume wa wenzangu hawa, hawajarudi. Kama unajua anapojificha, tuonyeshe."