Tangazo la Boram

Zamani kijiji kizima kilitengeneza kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, pamoja. Siku hizi kila mtu anainunua dukani na kuila peke yake. Mjukuu wangu Boram, anayesomea mawasiliano chuo kikuu huko Jeonju, alitaka kuipiga filamu kazi hiyo kwa mtihani wake.

"Majirani hawatakuja," nilimwambia.

Akawasha kipaza sauti cha mwenyekiti wa kijiji. "Kesho kabichi kwa babu! Bibi Oksun anasema hakuna anayemfikia kwa pilipili!"

"Sijasema!" Oksun alifoka kutoka nyumba ya jirani.

"Basi njoo ukanushe, bibi!"

"Chuoni mnafundishwa uongo?" nikamuuliza.

"Tunafundishwa kuita watu, babu."

Walikuja wote, kila mmoja na beseni lake na ubishi wake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipowaona pamoja, mikono myekundu hadi viwikoni, wakimzomea Oksun.