Kasha Lenye Kitako cha Pili

Nilikwenda kwa fundi kule Ipuli kwa ajili ya mlango wa uani. Mvua zilikuwa zimeuvimbisha ukawa haufungiki mpaka uupige teke, na jirani alishaanza kuniuliza nagombana na nani kila jioni. Fundi alikuwa ndani ya karakana, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, anapiga msasa kitu kidogo mezani. Alinikaribisha, akasema mlango atakuja kuuona kesho, kisha akairudia kazi yake kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Kilichokuwa mezani ni kasha. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mbao zake za mninga zilikuwa zimeshikana pembeni kwa meno, bila msumari, na ukipitisha kidole kwenye maungio huoni panapoishia ubao mmoja na kuanza mwingine. Kona zilivikwa shaba iliyokwisha kufubaa. Juu ya kifuniko walichongwa ngamia watatu wakifuatana, na mkwaruzo mrefu ulipita katikati yao ukamkata wa mwisho mguu wa nyuma.

Nilisimama. Mkwaruzo ule niliujua.

"Hili nimeliona mahali," nikasema.

"Umeliona Usoke, dada." Hakuinua uso. "Au si wewe uliyekuwa unachana tiketi mlangoni, unatukagua kama askari?"

Ni mimi. Enzi za deki za kanda za video, kaka yangu alikuwa mtafsiri katika banda la video pale Usoke. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, jenereta likinguruma nyuma yake, na msimu wa kuuza tumbaku lilijaa hadi watu wakatazama wakiwa wamesimama madirishani. Filamu zilikuja za lugha za mbali ambazo hakuna aliyezijua, kaka akiwemo. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea wote: shujaa, adui, mama mzaa chema, hata farasi ikibidi. Filamu ya msafara wa wauza chumvi ndiyo iliyorudiwa kuliko zote. Mjane mmoja anavuka jangwa na kasha, majambazi wanamfuata filamu nzima wakilitaka lile kasha, na kaka alihakikisha jangwa lenyewe linapita kwetu. "Msafara umefika Kwihara!" alikuwa akipiga kelele ngamia wakishuka mlima wa mchanga. "Kesho wanalala Usoke!" Banda zima lilisimama.

Sasa kasha lile lilikuwa mbele yangu. Fundi alinieleza alivyopata kazi ya kulitengeneza. Mtu mmoja mwenye mgahawa Mwanza hukusanya nakala za vitu vya filamu za zamani, anavipanga ukutani wateja wavione. Aliona kwenye simu picha za visanduku vidogo ambavyo fundi alikuwa akichonga kwa kujifurahisha, akamwagiza kasha la mjane. Sharti lake lilikuwa moja: liwe kama lilivyo kwenye filamu, bila kuongeza wala kupunguza. Akiridhika, ataagiza na vingine.

"Na mimi nalihitaji hilo 'vingine'," fundi alisema, akashusha kitambaa apumue. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wangu. Daktari alikuwa amemwambia aachane na mashine ya kuranda, vumbi limemtosha. Vitanda na milango havirandwi kwa mkono ukapata ugali. Kazi ndogo ya patasi na msasa, iliyolipwa vizuri na mtu mmoja anayejua anachokitaka, ndiyo ingemruhusu kubaki fundi.

Nililigeuza kasha. Nimeandika habari miaka mingi na nina tabia ya kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Shaba ilikatwa kutoka sinia lililotoboka, alilouziwa na familia moja ya mjini. Weusi wa mbao haukuwa vanishi. Alichemsha majani ya tumbaku, akayapaka maji yake, akaanika, akapaka tena, mpaka mninga ukapata rangi ya kitu kilichoshikwa na mikono mingi. Juu yake alisugua nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba. Na mkwaruzo ule hakuuchonga. Alifunga kisu kwenye ubao mrefu akakiachia kishuke kwa kishindo, kwa sababu kwenye filamu kinachokwaruza ni upanga unaotoka juu, na alama ya kupigwa haifanani na ya kuchongwa. Aliharibu vifuniko kadhaa kabla hajaupata. Nilipitisha ukucha mle ndani. Ulianza kwa kina ukamalizikia juu juu, kama jambo lililotokea kweli.

"Bado hujaona," akasema. Alifungua kifuniko, akabonyeza pembe moja ya ndani, na sakafu ya kasha ikainuka taratibu. Chini yake palikuwa na nafasi ndogo, na ndani yake punje chache za mtama.

"Kitako cha pili," nikasema.

"Kitako cha pili!" Alicheka mpaka akakohoa. "Hicho ndicho kilichonichukua muda. Kimeingia kwenye mfereji niliouchimba kuta zote nne. Ukiangalia hivi hivi, huwezi kujua."

Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha yake, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikereketa. Nilikumbuka maneno ya kaka kuhusu kitako cha pili, tena neno kwa neno. Picha yenyewe sikuikumbuka. Nikaitafuta filamu mtandaoni, nikaipata, ikiwa na maandishi chini, nikaitazama yote. Mwishoni mjane anazingirwa. Analifungua kasha mbele ya majambazi, na kamera inaingia ndani polepole, inagusa kila kona. Ni tupu. Lina sakafu moja tu, ya chini kabisa. Hapakuwahi kuwa na kitu. Majambazi wanatazamana, mjane analiacha kasha mchangani na kwenda zake. Mwisho.

Fundi alikuwa amepanga kulituma Ijumaa kwa basi la Mwanza. Kitako chake cha siri kilikuwa kimepunguza kina cha kasha kwa upana wa vidole viwili. Mtu wa Mwanza, anayeijua kamera ile inavyoingia, angeona mara tu akiinua kifuniko.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia peke yangu. Nikampitia kaka karibu na stesheni, anakouza asali siku hizi, nikampakia kwenye bajaji. Njiani nilimweleza. 

"Shikamoo, mtafsiri!" fundi alipaza sauti alipomwona mlangoni, akaacha kila kitu.

"Marahaba. Karakana nzuri. Kumbe wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa anapenya kwa nyuma, kwenye bati lililolegea?"

"Mlikuwa mnajua?"

"Tulilegeza wenyewe. Banda likikosa watoto halina kelele." Kaka akalitazama kasha mezani. Hakuligusa kwanza. Alilizunguka, akainama, akamwangalia yule ngamia wa mwisho. Kisha akalifungua, akabonyeza ile pembe bila kuelekezwa, sakafu ikainuka, akaziona punje.

"Fundi," akasema. "Hili si la kwenye filamu."

"Vipi si la kwenye filamu? Ulisema mwenyewe! 'Chini ya kitako kuna kitako cha pili, na humo mna mbegu za kijiji chake!'"

"Nilisema."

"Basi?"

"Nilisema kwa sababu kasha lilikuwa tupu! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Watu wametoka kuuza tumbaku, wamelipa kiingilio, wamekaa wanatokwa jasho kwenye mabati, halafu niwaambie kasha halina kitu? Wangeng'oa viti. Mara ya kwanza kuionyesha nilisema ukweli, wakang'oa kweli. Muulize huyu, si ndiye aliyeviokota?"

Niliviokota.

"Mara ya pili nikatazama vizuri," kaka aliendelea, "nikaona yule mama anapoondoka mkono mmoja ameufumba. Nikasema hapo hapo, tazameni mkono wake! Ameshazitoa mbegu! Wakapiga makofi. Toka siku hiyo ikawa hivyo."

Fundi hakuamini. Nikatoa simu, tukaisimamisha kwenye pipa la gundi, tukatazama dakika za mwisho watatu tukiwa tumekaribiana vichwa. Kamera iliingia kwenye kasha. Ilizunguka kona zote. Fundi alirudisha nyuma, akatazama tena. Akatazama na mkono wa mjane. Kweli ulikuwa umefumbwa.

"Tulitoka bandani wote tumefumba mikono," akasema. "Watoto wote. Mpaka nyumbani. Mama ananiambia fungua mkono unawe ule, mimi nakataa."

Kaka alikuwa ameshaokota patasi. "Kitoe. Ni maneno yangu, usiharibikiwe kwa ajili yake. Kitoe nikusaidie."

"Weka chini hiyo!" Fundi alilifunika kasha kwa mikono yote miwili. "Umewahi kushika patasi wewe, zaidi ya kufungulia soda?"

"Nakusaidia!"

"Hunisaidii. Kikitoka kinaacha mfereji kuta zote nne. Utazibwa na nini, na mdomo wako?"

Kaka akaiweka. Fundi alikaa kwenye rundo la mbao akakohoa kidogo, kisha akampigia simu mtu wa Mwanza, akaweka sauti nje ili na sisi tusikie. Hakuzunguka. Alimwambia amekosea, kasha lina kitako cha pili ambacho hakimo kwenye filamu, na akamweleza kilitoka wapi. Yule mtu alisikiliza. Alicheka ilipofika habari ya viti. Kwa muda kidogo nilifikiri atalichukua hivyo hivyo, na nadhani kaka naye alifikiri hivyo, kwa sababu aliisogelea simu tayari kuongeza la kwake.

"Hadithi nzuri sana, fundi," sauti ikasema. "Lakini mimi nalipenda likiwa tupu. Watu wanauana filamu nzima kwa kitu ambacho hakipo. Raha yake ndiyo hiyo. Naomba langu liwe tupu."

"Utapata tupu," fundi akajibu. "Nipe muda."

"Chukua. Afadhali umeniambia kabla."

Ijumaa basi liliondoka bila kasha. Fundi alianza upya. Nilipita pale mara nyingi kuliko mlango wangu ulivyohitaji, na nikaona jinsi alivyokuwa akiogopa. Rangi ya tumbaku haitoki sawa mara mbili, kwani majani ya msimu mmoja si ya mwingine. Mara ya kwanza mbao zilitoka nyekundu mno, akazisugua zote akaanza tena. Kisu cha kwenye ubao kilishuka na kushuka. Siku moja nilimkuta amekaa na kifuniko mapajani, hafanyi kitu, kifua kinapanda na kushuka, nikadhani ameshindwa. Kumbe alikuwa anakiangalia. Mkwaruzo ulikuwa umemkata ngamia mguu mahali pale pale.

Kasha la pili lilikuwa nakala bora kuliko la kwanza. Nasema hivi kama mtu aliyeyatazama yote mawili yakiwa kando kando, huku simu ikiwa imesimamishwa kwenye picha ya mwisho. Ndani palikuwa na kina chote. Alikuwa amepiga msasa sakafu mpaka mwanga wa dirishani ukalala juu yake bila kukwama popote, na ukilifungua unapata hasa kile kinachowapata majambazi: macho yanashuka, yanashuka, hayapati pa kushikia. Sikutegemea kwamba utupu nao unahitaji fundi. Kaka alilifungua akalifunga mara kadhaa. "Hili," akasema, "wangeng'oa viti."

Fundi alilichukua neno hilo kama sifa, nami naamini lilikuwa sifa.

Tulilifunga kwa godoro kuukuu na kamba, likapanda basi. Siku iliyofuata hapakuwa na ujumbe, na fundi alipokuja hatimaye kuushusha mlango wangu wa uani, aliiweka simu juu ya ukuta mahali anapoiona. Iliita akiwa ameushika mlango begani. Nilimsaidia kuuegemeza. Mtu wa Mwanza alikuwa ametuma picha ya kasha likiwa wazi juu ya meza ya mgahawa, na chini yake maneno mawili: "Ndilo lenyewe." Kisha ujumbe mwingine ukaingia. Alitaka taa ya mzee wa kisimani, kutoka filamu ile ile, na baada yake, kama kifua kinaruhusu, kengele ya ngamia wa mbele.

Fundi aliusoma mara mbili. Akauacha mlango wangu ukutani, tukaenda moja kwa moja stesheni.

"Mtafsiri," akasema kabla hata ya salamu. "Ile taa ya mzee wa kisimani. Kabla sijagusa kitu, niambie kweli. Uliongeza nini?"

Kaka alikuwa anamwaga asali kwenye chupa. Alisubiri uzi wa mwisho ukatike, akafunga kizibo, akafikiri.

"Ile inazimika yenyewe adui akikaribia."

"Hiyo ni ya filamu au ni yako?"

Kaka akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa, sehemu ile sikuwa nimeiangalia kwa makini.

"Siku niliyoisema vizuri zaidi," akasema kaka, "jenereta lilikuwa limeishiwa mafuta katikati. Watu walikataa kutoka. Nilimalizia gizani, kwa mdomo tu. Sasa ni kipi nilichokiona na kipi nilichokisema, kwa kweli sijui."

Fundi aliangalia huku na huku, akavuta ndoo tupu ya asali, akaigeuza akaikalia.

"Basi simulia," akasema. "Filamu tutaiangalia baadaye."