Mkamuaji wa Kirushya Aliyejifunza Kuinua Mikono

Jua limeshapanda juu ya migomba ya Kirushya, wilayani Ngara, na Adelfina Kanyange ameinamia mtumbwi. Si mtumbwi wa majini. Ni gogo lililochongwa, limejaa ndizi mbivu zilizomenywa. Anazikanda pamoja na nyasi, anafinya, anageuza, anafinya tena. Rojo linaanza kulainika. Halafu, katikati ya kazi, anainua mikono yote miwili na kwenda kuketi.

Anajifuta kwa kanga, anatungua rozari kwenye msumari wa mlango na kusali fungu moja la Salamu Maria kumi bila haraka. Miaka miwili iliyopita majirani wangemwona akifanya hivyo, wangesema mama wa watu amechanganyikiwa.

Hapa kijijini anayekamua ndizi haondoi mikono mpaka povu lipande. Akiondoa, inasemekana, juisi hukataa: rojo linabaki rojo, na mwenye ndizi anabaki na aibu. Adelfina, mwenye miaka hamsini na miwili, alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, Bibi Speciose, siku chache baada ya kuolewa. Somo lilimwingia kwelikweli. Kwa karibu miaka thelathini alikamua mikungu minane kwa mkupuo mmoja, mara tatu kwa wiki, kwa ajili ya juisi na rubisi, ile pombe ya ndizi. Harusi nyingi za Kirushya zimenyweshwa na mikono hiyo.

Kisha kidole gumba cha kulia kikaanza kumuuma kila akiamka. Maumivu yakashuka kwenye kifundo cha mkono, na usiku vidole vikawa vinakufa ganzi. Jirani alimkanda kwa maji moto na samli. Akapata nafuu ya saa mbili, na saa hizo mbili akazitumia kukamua. Leo anajicheka mwenyewe.

"Asubuhi nautibu mkono, mchana naurudisha kulekule ulikoumia," anasema. "Nilidhani nikiacha ni uvivu."

Kilichomtia hofu hasa ni kikombe. Bibi Speciose, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, hushika kikombe katikati ya viganja kwa sababu vidole vyake havifungi tena. Nyumbani wote walisema ni uzee. Siku moja wakiwa kwenye uji, Adelfina alijikuta naye ameshika kikombe vivyo hivyo.

"Tuliangaliana," anasimulia. "Nikasema moyoni, kumbe ndiko ninakokwenda."

Francisca, mke wa mwanawe, hakungoja mjadala. Alimpakia mama mkwe wake kwenye pikipiki mpaka hospitali, akampeleka kwa Novatus, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kijana huyo alimwamkia shikamoo kwanza, ndipo akaomba mkono. Akamwambia alifiche gumba ndani ya ngumi, kisha auinamishe mkono upande wa kidole cha mwisho. Adelfina alitokwa na machozi kwa maumivu.

Novatus alimweleza kwamba zile kano zinazovuta kidole gumba zimevimba kwa kurudia kitu kilekile miaka na miaka bila kupumzishwa. Akamfunga mkono kwa kibao na kumwandikia wiki sita bila kukamua, pamoja na mazoezi mepesi ya vidole. Akirudi kazini, mikungu mitatu tu kwa mara moja, na kila dakika ishirini apumzike.

Hapo Adelfina akamweleza habari za povu. Novatus hakucheka.

"Mama, inua mikono," alimwambia. "Juisi ikikataa, njoo unilaumu mimi."

Wiki sita hizo Francisca ndiye aliyekamua. Siku ya Adelfina kurudi mtumbwini, hakuwa na saa, akaamua kupima mapumziko yake kwa rozari. Anakiri kwamba sala ya siku hiyo haikuwa na utulivu, jicho moja lilikuwa kwenye ndizi. Aliporudisha mikono akafinya, povu likapanda, juisi ikatoka tamu kama siku zote. Nyumba nzima ilionja, na yeye akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

Mkono haujapona wote. Asubuhi za baridi bado unalalamika, na madumu anayojaza ni machache kuliko zamani. Hajuti. Anafunga vifungo vyake mwenyewe, na punje za rozari anazisukuma kwa gumba lilelile.

Agosti binti yake wa mwisho, Teddy, anaolewa Nyakahura, wilayani Biharamulo. Juisi ya harusi Adelfina ameapa kuikamua mwenyewe, akipokezana na Francisca. Baada ya harusi anataka wakamuaji wote wa jumuiya yao wafanye kazi wawili wawili, mmoja akikamua mwenzake anapumzika.

Kila Salamu Maria ya mapumziko ina mtu wake. Ya kwanza ni ya Novatus. Ya pili ni ya Francisca, na hata dereva wa pikipiki aliyewapeleka hospitali anayo yake. Ya kumi huichelewesha kidogo, akimtazama bibi aliyeketi barazani na kikombe katikati ya viganja.

"Ya kumi ni ya mama mkwe," anasema. "Mimi nimeambiwa nipumzike. Yeye hakuna aliyemwambia."